Mdogo wangu katoka hospitali ya akili ya Mirembe, mtaa unamuonea huruma lakini haumtaki. Naombeni ushauri

Dada wa Fundi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri na wenye utani wapite kimya kimya maana hili jambo linaniumiza.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 29, fundi cherehani, tupo hapa Morogoro. Mwaka juzi alianza kubadilika, halali, anasema majirani wanamsikiliza kupitia redio, akavunja redio mbili za watu, mwisho akatoka usiku bila nguo tukamkuta stendi ya Msamvu. Kama mnavyozijua familia zetu tukaanza na waganga kwanza, mbuzi wawili wakaenda na hela za kutosha, ndo baadaye tukampeleka Mirembe kule Dodoma. Wakamhudumia, akatulia, akarudi nyumbani na dawa zake. Huu ni mwezi wa saba hajasumbua mtu.

Sasa ishu sio kwamba watu wanamtukana. Mwanzoni watoto walikuwa wanamwimbia chizi chizi, mwenyekiti wa mtaa akawakemea wakaacha. Watu wanamsalimia vizuri tu, hujambo fundi, sijambo, ndo basi, inaishia hapo. Hakuna anayeleta nguo. Kuna mama jirani yetu kabisa, huyu kamshonea sare wanawe wote tangu wa kwanza mpaka kitinda mimba, juzi shule zinafunguliwa nikamuona na kitambaa kwenye mfuko anazunguka nyuma ya choo chetu ili asipite barazani, anaenda kushonesha mjini. Nilijifanya sijamuona.

Na mikono inamtetemeka. Kutunga uzi tu kwenye sindano inamchukua muda mpaka ncha ya uzi inachoka kwa kulambwa. Asubuhi kabla sijaenda sokoni namtungia mimi, namjazia na bobini tatu nne, jioni nikirudi nazikuta vilevile. Mate nayo yanamtoka kidogo akilala mchana watu wakiona wanasema bado huyo.

Juzi kati kulikuwa na msiba nyumba ya tatu, nikaenda naye. Akakaa na wanaume kwenye mkeka. Mzee wa daftari akapita kukusanya, alipofika kwake akaruka akaenda kwa mwingine. Nilishukuru kwa kweli maana hana hela, ile 2,000 ya mwezi ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana walishamsamehe zamani, hata jina lake kwenye daftari wamelipiga mstari wakaandika pembeni "mgonjwa". Majirani wema hilo siwezi kukataa. Ila tulivyorudi nyumbani alilala siku mbili hataki kula na mama akaanza kulia kwamba yanarudi.

Mama wageni wakija anamwambia aingie ndani. Sio kwa ubaya, anasema wasije wakamuuliza uliza maswali.

Swali langu, nifanyeje apate wateja tena na watu wamchukulie kama mtu wa kawaida? Nimefikiria kumhamisha mkoa kabisa akaanze upya ambako hawamjui.

---

Mstaafu wa Stendi

Pole. Ila tuseme ukweli bila unafiki, wewe mwenyewe ungekuwa sio dada yake ungempa kitambaa chako cha elfu 40? Na ule mkasi wa mafundi mrefu vile. Watu wana watoto wao.

---

Dada wa Fundi

Mkuu huo mkasi anao miaka kumi. Hata siku anavunja redio hakumgusa mtu. Waliomgusa ni wengine, alirudi na jino limetoka.

---

bajaji_namba_tatu

Dada mimi nimelazwa mara mbili kwa hii hii shida (yangu wanaiita baipola, hisia zinapanda na kushuka kupita kiasi) na leo naendesha bajaji Dar mwaka wa tano. Nimesoma uzi wako mara mbili, naomba nikwambie kitu usikasirike.

Umeuliza kuhusu wateja lakini jibu umeliandika mwenyewe pale kwenye daftari. Hebu rudia kusoma. Mtu yupo msibani, amekaa mkekani na wanaume wenzake, daftari linamruka, na kwenye daftari jina limepigwa mstari kama marehemu. Unasema umeshukuru. Yeye kalala siku mbili. Huyo hakurukwa na akili siku hiyo dada, alikuwa na akili timamu kabisa, ndo maana ilimuuma!!

Sisi mtaani mtu anahesabika kwa kudaiwa. Mchango wa harusi, wa msiba, wa kukarabati kivuko, mtu anakupigia simu "mkuu bado wewe tu", unamkimbia kimbia huku moyoni unajua wewe ni wa humu. Mimi nilivyorudi kijiweni ile mara ya kwanza walinifanyia wema huo huo. Foleni ya abiria nikifika wananipisha, "chukua wewe kwanza kaka pumzika", ada ya kijiwe hawanidai, wakigombana mimi hawanigombezi. Miezi minne hivyo. Niliona kama nimekufa nimerudi mzimu. Siku moja nimepaki vibaya mwenzangu akanitukana tusi zito la mama, wenzake wakamwambia wewe huyo mgonjwa huyo, akajibu mgonjwa anapaki vibaya? Yule jamaa mpaka leo ndo rafiki yangu. Kesho yake nililipa ada yangu na malimbikizo.

Kwahiyo ushauri wangu, kabla ya wateja, rudisha jina kwenye daftari. Hata kama hiyo 2,000 utampa wewe kwa siri mwezi wa kwanza, atoe kwa mkono wake.

Kuhamisha mkoa hapana. Akianza kuumwa huko ugenini nani atajua? Mimi kijiweni nimewaambia watu wawili tu, mkiona nimeanza kuongea haraka haraka halafu usiku wa pili silali natuma meseji za mipango mikubwa mikubwa, chukueni funguo mpigieni mke wangu. Wameshafanya hivyo mara moja, nikaenda kliniki nikabadilishiwa dozi, sikulazwa. Wengine hawana haja ya kujua.

---

Mtumishi K

Dada hayo ni mapepo, kuna maombi ya siku saba hapa kwetu njoo inbox. Dawa zinamfunga tu ndo maana anatetemeka.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mtumishi hapo juu naomba hiyo sentensi ya mwisho uifute kabla haijaua mtu. Ombeni, hata mimi naomba, lakini msimwambie mtu aache dawa. Niko kitengo cha akili zaidi ya miaka kumi na wengi wanaorudi wodini ni hawa wa "nilijisikia nimepona nikaacha" au "niliambiwa nimeshafunguliwa".

Dada, kutetemeka na mate hayo kwa namna unavyoeleza hayafanani na ugonjwa, yanafanana na dawa. Haloperidol (dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili) na ndugu zake na zile sindano za mwezi zinafanya hivyo kwa watu wengi, mikono inatetemeka, mwili unakakamaa, uso unakuwa hauna tabasamu hata akifurahi, anatembea mikono haichezi. Mtaa ukiona hivyo unasema uchizi haujaisha kumbe ndo tiba yenyewe inaonekana. Inarekebishika. Mwambie daktari ANATETEMEKA NA NI FUNDI CHEREHANI, yaani taja kazi yake, maana mtu wa kukaa tu anaweza kuvumilia, fundi hawezi. Wanaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kumuongezea artane, ile ya kupunguza kutetemeka. Msinunue artane wenyewe duka la dawa, ina mambo yake na watu wanaitumia vibaya. Na kama mnafuata dawa Dodoma kila mwezi ombeni rufaa ya kurudi chini, hospitali ya mkoa wamuone hapo hapo.

Lingine, na hili nakuuma sikio kama mdogo wangu. Umeandika maneno mengi mazuri lakini hakuna sehemu hata moja uliposema YEYE anataka nini. Kliniki nawaona kila wiki, daktari anamuuliza mgonjwa umelalaje, dada anajibu amelala vizuri. Mgonjwa anaangalia sakafu. Je kwenu ikoje?

---

Dada wa Fundi

Nesi umenipiga kofi. Ndivyo ilivyo. Hata namba ya simu kliniki wameandika yangu na simu yake ninayo mimi tangu alivyorudi.

---

Mie wa Likoni

Poleni. Mie niko Mombasa. Nyumbani kwetu tuna shangazi, ana wazimu tangu sijazaliwa mie, huongea na ukuta, siku nyengine humtukana babu ambaye kishakufa zamani. Lakini harusi yoyote mtaani kwetu kazi ya kukuna nazi ni yake, hapewi mtu mwengine. Huja na mbuzi yake mwenyewe chini ya kwapa. Siku akiamka vibaya wale kina mama humtazama tu machoni, husema leo fulani akune, wewe tukalie hapa utwambie kama tui lakolea. Hafukuzwi. Na akikosea aambiwa umekosea, nazi hii imefika maganda, rudia.

Sijui kama hiyo ndiyo tiba ama si tiba. Hospitali ya Port Reitz pia huenda kwa dawa. Lakini kukaa ndani mlango umefungwa hajakaa.

---

Kalamu Nyekundu

Naongezea upande wa historia kidogo maana watu wanadhani hii ya kumrudisha mgonjwa kwa watu ni mambo ya wazungu.

Mirembe ilijengwa 1927, wakati wa Mwingereza. Lutindi kule Korogwe milimani ni ya zamani zaidi, wamisionari wa Kijerumani walianza 1896 kama kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, ikawa ya wagonjwa wa akili 1904. Pale Lutindi wagonjwa wanafanya kazi za mikono na shamba kama sehemu ya kupona kwao. Ila bado ni mlimani, mbali na kwao.

Aliyegeuza kibao ni Mwafrika, Dk. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka 1954 pale Aro, Abeokuta, badala ya kujaza wodi aliongea na vijiji vilivyozunguka hospitali, wagonjwa wakapanga kwenye nyumba za wanakijiji, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia, mchana wanatibiwa, jioni wanarudi kijijini, wanalima, wanacheza ngoma na wenyeji. Wanakijiji walikuwa wanapata kodi na ajira, kwahiyo haikuwa huruma tupu. Baadaye hata Tanzania tukawa na vijiji vya aina hiyo, kama Vikuruti Dar. Tofauti ni kwamba vya kwetu vilikuwa vya wagonjwa na wahudumu wao, kile cha Lambo kilikuwa kijiji cha watu ambacho wagonjwa waliingia. Kwa maoni yangu hapo ndo tulipopoteza utamu wote.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, ukiisoma, haiangalii mguu tu. Inasema ulemavu ni mtu kupoteza au kupunguziwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine kwa sababu za mwili, akili au za kijamii. Huyo ni mdogo wako kabisa. Mwajiri mwenye watu 20 na zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe wenye ulemavu. Na halmashauri zina ile mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata umuulize masharti ya sasa, anaweza hata kuingia kwenye ile ya vijana.

Upande mwingine Katiba yetu ya 1977 ibara ya 5 inaruhusu Bunge litunge sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Yaani hata taifa lina daftari lake lenye nafasi ya kupiga mstari.

---

Mstaafu wa Stendi

Kalamu umeandika vizuri ila mwenzio anataka wateja, sio Nigeria.

---

Kalamu Nyekundu

😂 Haya basi. Mpe suruali yako apunguze.

---

Kona ya Vitenge

Mimi ni fundi pia (wa kike), nina la kusema kwenye ufundi. Dada usimtafutie mteja wa suti wala sare sasa hivi. Mtu akirudi hata kutoka kwenye ajali haanzi na kola. Anzeni na vile vya haraka ambavyo mteja anasubiri amekaa, zipu, pindo la suruali, kubana shuka, kuziba mfuko wa begi la shule. Mteja akisubiri dakika kumi kwenye benchi anamuona anavyofanya kazi na hofu inaisha yenyewe, ukimwambia aache nguo aje kesho anaenda nyumbani kuogopa vizuri. Na hiyo cherehani iko wapi? Kama iko chumbani hata mimi siwezi kuleta nguo.

Kuhusu uzi, kuna vile vibati vidogo vya kuvutia uzi, vina kiwaya kama tundu, bei yake ndogo sana maduka ya vifaa vya kushonea. Wala usimtungie wewe. Mimi macho yameshaanza kuzeeka natumia hicho na sioni aibu.

---

Dada wa Fundi

Iko chumbani. Mama aliiingiza ndani tulipokuwa Dodoma isiibiwe na haijatoka mpaka leo. Ngojeni nikaongee naye. Sio mama, NAYE.

---

Dada wa Fundi

MREJESHO (wiki ya tano sasa, samahani kwa kuchelewa, sokoni kulikuwa na mambo)

Nilimuuliza siku ile ile jioni. Nikasema we unataka nini. Akaniangalia kama mimi ndo nimechanganyikiwa. Kesho yake asubuhi akaja na vitu vitatu. Simu yake. Funguo ya mlango wa mbele, kumbe sisi wote tunazo yeye hana na hakuna aliyewahi kuamua hivyo, ilitokea tu. Na dawa zake akae nazo mwenyewe. Hiyo ya tatu iligombanisha nyumba, mama alikataa kabisa, tukakubaliana zikae kabatini sebuleni, anameza mwenyewe bila kusimamiwa na mtu asimuulize "umemeza?" mbele za watu. Mama bado anazihesabu akilala, namuona, nimenyamaza.

Kliniki nimekaa nje. Niliteseka aisee. Akatoka na cheti kipya, dozi imepunguzwa na kaongezewa kingine, kutetemeka hakujaisha ila kumepungua, uzi anautunga mwenyewe na kile kibati. Nesi asante sana.

Cherehani iko barazani. Mteja wa kwanza alikuwa mtoto, begi limekatika mkanda, katumwa na yule mama wa nyuma ya choo. Hakuja mwenyewe, katuma mtoto, nikasema sawa hata hivyo. Tangu hapo ni zipu na pindo, siku nyingine wawili, siku nyingine hakuna kabisa anakaa anasikiliza mpira. Jumamosi moja alishindwa, aliniambia kelele zimekuwa nyingi, akaingia ndani akalala na cherehani ikabaki nje nikaifunika. Kesho yake katoka.

La daftari. Nilienda kwa yule mzee nikiwa na hotuba yangu yote kichwani, ya Nigeria na sheria ya 2010. Sikumaliza. Akasema mwanangu sisi tulimpunguzia mzigo tu, kumbe? Akachukua kalamu, ule mstari haufutiki kwa sababu ni wino, akaandika jina upya chini kabisa baada ya mtu wa mwisho. Mdogo wangu anasema yeye alikuwa namba 14 sasa yuko 61 na hajapenda. Nimemwambia hilo akapigane mwenyewe kwenye kikao.

Mwezi huu katoa 1,000, bado 1,000. Jana usiku tumekaa tunakula mzee wa daftari kapiga hodi, kasimama mlangoni na tochi yake, hajaingia, anasema fundi bado wewe na wale wapangaji wa kona, lini? Mama akataka kuinuka amlipie. Mdogo wangu akamshika khanga akamwambia kaa. Akamjibu mzee Ijumaa. Mzee akasema Ijumaa ipi maana na mwezi uliopita wengine walisema Ijumaa. Wakabishana pale mlangoni mpaka ugali ukapoa.